Mota ya Spika Mbovu

Nilipoanza kufundisha fizikia, sumaku tulizitoa kwa fundi redio. Tulimsubiri akatie tamaa spika iliyochanika, ndipo atupatie ile pete nyeusi ya nyuma, ambayo mara nyingi ilivunjika kabla ya kubanduka. Waya wa shaba tuliuomba kwa mafundi wanaowaindi mota za feni, betri zilikuwa zile kubwa za tochi, na nguzo za kushikilia koili zilikuwa pini za nepi.

Kabla ya kupata vifaa hivyo, mota ilikuwa mchoro ubaoni. Darasa zima lilinyoosha vidole vitatu vya mkono wa kushoto, kanuni ya Fleming, likatafuta mkondo unaelekea wapi na nguvu inasukuma wapi. Walifaulu mtihani bila kuona chochote kikizunguka.

Ujanja wa mota ya pini uko kwenye vanishi inayoufunika waya wa shaba. Unauviringa waya kwenye betri yenyewe mara kumi hivi, unaacha mikia miwili. Mmoja unaukwangua wote kwa wembe. Wa pili unaukwangua upande mmoja tu. Asiyesikiliza hukwangua yote, na koili yake inatikisika, inakwenda, inarudi, inasimama. Hapo ndipo maswali huanza! Sumaku huisukuma koili nusu mzunguko. Umeme ukiendelea kupita, nusu ya pili inasukumwa kinyume. Vanishi iliyobaki hukata umeme kwa muda huo, koili ikamalizia kwa kasi yake. Mota ya kiwandani yenye komyuteta haikati: komyuteta huugeuza mkondo.

Kisha zikaja sumaku za neodimiamu, aina iliyovumbuliwa Japani na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Leo zimo hata kwenye vispika vya masikioni vinavyotupwa jalalani. Shaba nayo imepanda bei. Wanunuzi wa vyuma chakavu hufika kwa fundi kabla yangu. Wanafunzi wakaanza kuja na mota nyingine: sumaku ya duara imenasa kichwani mwa skrubu, ncha ya skrubu inaning'inia kwenye betri, waya mmoja kutoka ncha ya pili ya betri unagusa sumaku ubavuni. Skrubu inazunguka papo hapo. Ni ukoo wa jaribio la Faraday la mwaka 1821, waya uliozunguka sumaku ndani ya zebaki.

Darasa hushangilia. Mimi sifurahii kiasi hicho, kwani skrubu ile haigomi, na kisichogoma hakimlazimishi mtu kuuliza. (Betri za simu nimezipiga marufuku, zikiunganishwa hivyo zinachemka na zinaweza kuwaka.)

Kwa hiyo bado naanza na koili, hata ikila wiki nzima, na skrubu naileta mwisho. Mwaka jana binti mmoja hakushangilia. Aliigeuza sumaku juu chini, skrubu ikazunguka kinyume. Akaigeuza na betri, ikarejea mwelekeo wa kwanza. Kisha akataka kujua skrubu inazungukaje wakati hakuna mahali tulipokwangua nusu.