Daftari la Mama

Baada ya matanga, kaka alinikabidhi daftari la duka la mama, nikaja nalo kutoka Mombasa hadi Toronto. Kila ukurasa una jina, tarehe na bidhaa: unga, mafuta ya taa, robo ya sukari.

Jirani yangu hapa ni mhasibu wa kampuni kubwa ya malipo. Alinieleza kwamba fedha wanazowadai wateja hupangwa kwa umri: siku 30, 60, 90. Kadiri deni linavyozeeka ndivyo tumaini linavyopungua, hata sehemu yake ikahesabiwa hasara kabla mdaiwa hajaulizwa neno. Fuliza, aliyoianzisha Safaricom Januari 2019, haina haja hata ya kuuliza: pesa ikiingia M-Pesa, deni hujikata. Na jina lenyewe (mwalimu wa lugha hapiti jina bila kulipekua) maana yake ni kuendelea pasi na kukoma.

Mama naye aliutazama umri wa madeni, ila kwa jicho jingine. Mtu akikawia kulipa, nilitumwa nikamjulie hali. Siku moja nilirudi na habari za msiba. Mama akafunga kilo mbili za mchele, akaziandika papo hapo chini ya jina lile lile. Hakusamehe, wala hakudai.

Jana kaka alipiga simu. Mmoja wa waliomo daftarini amekuja kuuliza anadaiwa kiasi gani. Kaka ataka tumsamehe. Nimeufungua ukurasa wake. Shilingi 340, mwaka 1994, na pembeni, kwa mwandiko wa mama: "Atakuja."