Ukuta wa Ashwell

Nilikwenda Ashwell, kijiji cha Hertfordshire, kaskazini mwa London, kwa ajili ya ukuta tu. Kanisa la parokia la St Mary ni la karne ya 14, na mnara wake wa mita 54 hivi unauona ukiwa bado mbali mashambani. Sehemu kubwa imejengwa kwa jiwe laini la chaki. Mvua hulila upesi jiwe hilo, lakini lina jambo moja: hata msumari unalichora.

Na watu walichora kweli. Mmoja amelalamika kwa Kilatini kwamba pembe hazikuungwa sawasawa, akamalizia kwa kutema mate. Fundi mwenye hasira, nadhani. Mwingine amechora kanisa kubwa ambalo wengi huliona kuwa ni St Paul's ya zamani ya London, ile iliyoteketea kwa moto mwaka 1666.

Nilichokifuata kiko chini ya mnara, ukuta wa kaskazini: mistari michache ya Kilatini. Tauni iliingia Uingereza 1348. Mwandishi anautaja mwaka 1350, anasema waliosalia ni makapi ya watu tu, wamebaki kushuhudia. Kisha anataja upepo mkali wa sikukuu ya Mtakatifu Maurus, 1361. Kwa hesabu ya leo ni Januari 15, 1362, maana enzi hizo mwaka mpya wa Waingereza ulianza Machi. Basi. Idadi ya waliokufa hakuitaja, wala jina lake mwenyewe.

Kiukweli niliona aibu. Mwaka 2020 kazi yangu katika chumba cha habari Nairobi ilikuwa kuandika hesabu ya kila siku: wagonjwa wangapi, vifo vingapi. Siku baba mdogo alipofariki niliandika hesabu kama kawaida, nikaituma kwa mhariri kabla ya saa kumi na moja jioni. Sikuwahi kuandika sentensi hata moja juu yake. Nilijiambia mwandishi wa habari hajiandiki.

Yule wa Ashwell hakungoja ruhusa ya mtu. Alikuwa na ncha ya chuma na jiwe laini, na watu wake walikuwa wamekufa.

Kwenye treni ya kurudi nilifungua daftari. Baba mdogo alikuwa fundi saa. Ukimsalimia alikuitikia jicho moja limefumbwa, lingine bado limo ndani ya saa ya mtu. Nimeanzia hapo.