"Mutoto" na "Mtoto" Katika Wimbo

Mtu aliyejifunza Kiswahili sanifu darasani, akija kusali nasi hapa Bagira, ataona jambo moja kabla ya Misa kumalizika. Masomo husomwa kwa lugha ya vitabu, bali nyimbo zina lugha yao. Msomaji hutamka "mtoto" na "watoto". Waimbaji huitikia "mutoto" na "batoto". Panapotakiwa "yupo", huimba "iko". Wapo wanaosema ni ukosefu wa shule. Mimi naona sababu nyingine.

Wengi wetu tulinyonya Mashi kabla ya Kiswahili, na Mashi husema "omuntu", kwa irabu iliyo wazi. Kiswahili cha Bukavu kimeishika irabu hiyo, na wimbo huipenda. Jaribu kuimba "mtoto" noti ndefu ikiangukia silabi ya kwanza: midomo imefungwa, sauti haina pa kupita ila puani. Ukisema "mu", kinywa kinafunguka. Wala si uzushi, kwa kuwa "m" hiyo ya leo ni mabaki ya "mu" ya kale.

Washairi wa pwani wanalijua jambo hili vizuri. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane kwa nane. "Aliyekuja" ina mizani mitano. Penye nafasi ya minne, mshairi huandika "alokuja", wala hakuna anayemkemea. Kufupisha huko huitwa inkisari, na kurefusha huitwa mazida. Walimu huvifundisha kwa jina la uhuru wa mshairi. Sielewi kwa nini tendo lile lile liwe uhuru Mombasa na ujinga Bagira.

Suala hili lilitugusa pale kijana mmoja, mwenye elimu na nia njema, alipopendekeza daftari zima la kwaya lisahihishwe. Mama mmoja wa sauti ya pili, aliyeimba tangu usichana wake, hakubishana naye. Aliuliza tu ni maneno gani, kati ya yale aliyowaimbia marehemu wake makaburini, yaliyokuwa na makosa. Hakuna aliyemjibu.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, alilikuta swali hilo hilo. Katika kitabu cha pili cha Mafundisho ya Kikristo anataja neno moja la zaburi: waamini waliimba "floriet", hali sarufi ya Kilatini ilidai "florebit", yaani itachanua. Anakiri kwamba msikilizaji mwenye elimu angependa lisahihishwe. Hata hivyo anasema maana haikupungukiwa na kitu, na kwamba kilichozuia kusahihisha ni mazoea ya waimbaji tu. Neno lilikwisha kukaa vinywani mwao. Huyu alikuwa amefundisha ufasaha wa lugha kabla ya kuwa askofu. Sarufi aliijua kuliko sisi sote.

Wengine baadaye hawakuwa na subira yake. Mwaka 1632 Papa Urbano VIII alitoa Breviari ambayo tenzi zake za kale zilikuwa zimerekebishwa zifuate kanuni za washairi wa Roma ya zamani. Wabenediktini waliendelea kuimba zile za awali. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza tenzi zirudishiwe umbo lake la mwanzo, kadiri ionekanavyo kufaa. Kumbe hata huko juu kalamu nyekundu iliwahi kurudishwa mfukoni!

Hata hivyo sitetei kila kitu kinachoimbwa. Kijana wetu alikuwa na haki katika jambo moja, tena kubwa. Baadhi ya tuni zetu huanza kabla ya pigo la kwanza la ngoma, na silabi inayoangukia hapo humezwa. Kama neno ni "hatutaanguka", kinachopotea ni "ha", na watu walioketi nyuma husikia "tutaanguka". Hapo kilichovunjika ni ungamo lenyewe. Tulikubaliana mpiga ngoma achelewe kidogo, "ha" isikike hadi mlangoni. Neno "mutoto" limebaki daftarini kama lilivyokuwa.