Subaru ama Mark X? Kwanza uliza barabara ya kwenu

Wasee, kuna swali limevunja urafiki mwingi huku Trans Nzoia kuliko siasa: Subaru ama Mark X? Ingia kibanda chochote cha chai Kitale saa nne asubuhi, tupa hilo swali mezani, halafu kaa kando uone watu wazima wakirushiana maneno hadi chai ipoe.

Kwa wale hawajui, hii vita si ya nembo tu. Impreza WRX inasukumwa na magurudumu yote manne. Mark X, ile tumezoea kuona, inasukumwa na mawili ya nyuma. Ferrari sisi tunaziona kwa simu. Hizi mbili ndizo magari ya spoti ambayo kijana wa huku anaweza kuota na siku moja akaamka akiwa na funguo.

Mimi nilikuwa timu Subaru tangu niko mdogo, na wa kulaumiwa ni Safari Rally. Mzee wetu alitusimulia mara mia moja vile Patrick Njiru, Mkenya mwenzetu, alimaliza wa nne mwaka 1994 akiwa na Impreza. Halafu 1997 Colin McRae akaja akashinda kabisa na Impreza. Kichwani mwangu hesabu ilikuwa rahisi: manne ni mengi kuliko mawili, kwisha.

Halafu mwaka jana bro akaamua kununua gari.

Laki saba na nusu. Hiyo ni miaka minne ya nduthi, pamoja na mahindi ya misimu miwili. Na haikuwa pesa ya kuchezea, ju mathe ana sukari na lazima afike kliniki Kitale kila mwezi. Mvua ikinyesha, tumembeba kwa nduthi kwenye matope akiwa ameshikilia mabega ya bro kama mtoto, na mara mbili wameanguka naye. Kwa hivyo gari ilikuwa ya mathe. Lakini bro ana miaka 26, na yeye pia alitaka kitu chenye sauti.

Kwetu ni Kwanza, ndani ndani. Ukiacha lami kuna kilomita sita za udongo mwekundu. Katikati kuna mteremko unaoshuka hadi kijito, na chini kabisa kuna kona. Kiangazi ni vumbi tu. Kuanzia Aprili, hapo ni sabuni.

Tukaamua tusibishane, tujaribu. Beste yetu wa Kitale akakuja na Mark X yake Jumamosi moja ya Aprili, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Kwenye lami ile gari ni raha, inateleza kama siagi. Kwenye kilima chetu, nyuma ikaanza kucheza isukuti. Injini iko mbele, magurudumu yanayosukuma yako nyuma, na buti ilikuwa tupu, kwa hivyo hakukuwa na uzito wa kuyakandamiza chini. Jirani mmoja akacheka, akatuambia tuweke mahindi. Tukaweka magunia mawili ya kilo 90 kwenye buti. Ikapanda! Polepole, ikinung'unika, lakini ikapanda.

Jumapili ikawa zamu ya binamu yetu wa Chwele na WRX yake. Hapo sasa hakukuwa na mjadala. Bro alishika usukani, akakanyaga, na kile kilima kikaisha kabla nimalize kufunga mkanda. Hakuna kuteleza, hakuna magunia. Bro alikuwa anacheka kama amelewa. Akageuza huko juu, akaanza kushuka.

Alikanyaga breki pale pale ambapo angekanyaga kwenye lami. Gari haikusikia. Iliendelea tu kushuka, kimya, magurudumu yote manne yamefungwa na matope, kama mtoto kwenye ganda la ndizi. Na kwenye kona, chini, kulikuwa na mzee akisukuma baiskeli iliyobeba mitungi ya maziwa.

Sijawahi kusema hii mahali popote: mimi nilifunga macho.

Mzee aliruka ndani ya majani ya nepia. Gari ilisimama ikiwa imelalia baiskeli. Maziwa yote yakamwagika kwenye mtaro. Bro alitoka akitetemeka, "Pole mzee wangu, pole sana, tutalipa." Mzee alijipangusa matope, akatuangalia, akaangalia ile Subaru, akasema bila hata kupaza sauti: "Vijana wangu, hii gari yenu inajua kwenda. Haijui kusimama."

Tulilipa maziwa na rimu ya baiskeli. Lakini hiyo sentensi ndiyo ilinifanya nikae chini nielewe kitu ambacho nilikuwa nakibishania miaka yote bila kukijua.

Iko hivi. Fikiria kila tairi imepewa elfu moja ya kushika barabara. Kusukuma gari kunatoka kwa hiyo elfu. Kukata kona kunatoka hapo hapo. Kwa Mark X, tairi mbili za nyuma ndizo zinalipa bili yote ya kusukuma. Ukikanyaga mafuta kwenye kona yenye maji, pesa inaisha na mkia unatangulia. Kwa WRX, bili inagawanywa kwa nne, kila tairi inabaki na chenji ya kona. Ndiyo maana inatoka konani ikiwa imetulia. Hapo Subaru inashinda, sibishi.

Lakini breki? Kila gari inafunga breki kwa magurudumu manne. Vitz pia. Hapo WRX haina hata shilingi ya ziada. Tena inakudanganya: Mark X inateleza mapema, inakuonya kwamba leo barabara ni mbaya. Subaru inakuacha upate mwendo mahali ambapo hukufaa kuupata, na onyo linakuja ukiwa unashuka.

Nikarudi hata kwa Safari Rally yangu ya utotoni. Kumbe 1983 Ari Vatanen alishinda na Opel Ascona inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, na Audi Quattro ya magurudumu manne ilikuwa hapo hapo ikimfuata nyuma. 1984, 1985 na 1986 Toyota Celica ikashinda mfululizo, pia ya kusukumwa nyuma. Ni 1987 ndipo gari ya magurudumu manne, Audi 200, ilishinda kwa mara ya kwanza. Tangu hapo manne yametawala, ni kweli. Lakini kwa miaka hiyo yote ya mwanzo, gari iliyofika ikiwa mzima ilipiga ile yenye mbwembwe. Na si lazima uende mbali: angalia Probox za huku zikipita kwenye matope na watu tisa ndani. Nyingi zinavutwa na magurudumu mawili ya mbele tu, lakini injini imeyakalia, na dereva anajua kila shimo kwa jina.

Sasa, maoni yangu, na mnaweza kunitukana.

Kama unaishi Kitale mjini, Bungoma mjini ama Eldoret, na lami inafika kwa geti, chukua Mark X. Itakufundisha kuheshimu mguu wako wa kulia. Subaru turbo kwa lami kavu, kwa mwendo wa watu wenye akili, unalipia kitu hutumii.

Kama kwenu ni kama kwetu, chukua manne. Lakini piga hesabu ya tairi kwanza. Gari ya magurudumu manne haitaki tairi mbili mpya na mbili za mtumba. Zikitofautiana ukubwa zinazunguka kwa kasi tofauti, na difu ya katikati inalipa hiyo tofauti hadi ife. Unanunua nne kwa pamoja. Kama pesa yako inaishia kwa gari, bado hujafika bei ya Subaru.

Na usinunue jina. Kwa yadi moja Eldoret tulionyeshwa Impreza safi ya 1.5, bro akaanza kutoa pesa kwa roho. Nililala chini nikachungulia: hakuna propela ya kwenda nyuma. Muuzaji akasema, "Subaru ni Subaru." Si kweli. Kwa Impreza za miaka hiyo za 1.5, namba ya chasisi ikianza na GH2 ni ya magurudumu mawili ya mbele, GH3 ndiyo ya manne. Hata Mark X ziko hivyo: GRX120 ni ya nyuma, GRX125 ni ya manne. Soma namba, ama lala chini uchafue shati. Shati inafuliwa.

Bro aliishia kununua Impreza ya lita 2.0, magurudumu manne, bila turbo. Haina ile sauti. Alinuna wiki nzima. Pesa iliyobaki ilienda kwa tairi nne mpya, zote za aina moja.

Mathe amefika kliniki kila mwezi tangu hapo, mvua ama jua, akiwa amevaa viatu vyake vya kanisa. Na kwenye ule mteremko bro anaweka gia ya chini juu kabisa, kabla ya kushuka, anateremka kama amebeba mayai.

Yule mzee bado anapita na maziwa asubuhi. Akituona tunakuja anatupungia mkono, anacheka. Lakini kwanza anaingiza baiskeli kwenye nepia.