Kompyuta katikati ya kitanda

“Mama Junior, hivi leo tena?”

Saa saba usiku hiyo. Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili, mada yangu ni sonona baada ya kujifungua kwa akina mama walioajiriwa. Wiki ya tatu nalala na kompyuta katikati ya kitanda, na makala za maana nilizopata hazizidi nne. Sikumjibu. Mume wangu akachukua mto wake, akaenda sebuleni.

Jamani, iliniuma. Ugonjwa wenyewe niliupitia mimi baada ya kumzaa Junior, na yeye ndiye aliyenishika mkono.

Kesho yake nikamfuata mkutubi wa chuo. Nikamwonyesha ninavyotafuta: swali zima naliandika PubMed, kama naongea na shoga yangu. Akacheka. “Dada, huyu hasikilizi umbea. Anatafuta maneno.”

Akanifundisha kulikata swali vipande viwili: ugonjwa huku, ajira kule. Ndani ya kila kipande, maneno yenye maana moja unayaunganisha kwa OR, maana mwandishi mmoja anaandika “postpartum depression”, mwingine “postnatal depression”. Hizo alama za kunukuu zinayashika maneno yasiachane. Kisha kila kipande unakifunga kwenye mabano, na katikati yake unaweka AND. Ukiandika employ* kwa kinyota, unapata employed, employment, wote. NOT akaniambia niiogope, inaweza kutupa na makala nzuri.

Halafu kuna MeSH, orodha ya istilahi iliyoanzishwa mwaka 1960 na maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani. Makala hupangwa humo kwa maana, hata kama mwandishi ametumia neno lake. Ila makala mpya huenda hazijapangwa bado, kwa hiyo maneno yako usiyaache. Na ukipata makala moja nzuri, kwenye Google Scholar bofya “Cited by” uone nani wameitumia baadaye.

Siku hiyo saa tatu usiku nilishafunga kompyuta. Nikamfuata sebuleni, nikamwomba radhi, nikamsimulia habari za OR. Akanitazama, akasema: “Kwa hiyo ‘leo tena?’ na ‘nimekumiss’ ungeziunganisha kwa OR?”

Kumbe wiki tatu zote mume wangu alikuwa ananiambia kitu kimoja, mimi nasikia lawama tu.

Wewe mwenzangu, usiku huu katikati ya kitanda chenu kuna nini?