Siku Nne za Mizinga: Kumtafuta Baba wa Babu Yetu



Wapendwa wasomaji, Mwinjili Luka ana desturi ambayo pengine tunaipita haraka tunaposikiliza masomo. Kabla ya kutueleza kwamba mtoto amezaliwa Betlehemu, anatuambia kwanza nani alikuwa Kaisari na nani alikuwa liwali wa Siria. Kabla ya kumleta Yohane jangwani, anautaja mwaka wa kumi na tano wa utawala wa Tiberio. Luka alijua kwamba maisha ya mtu mdogo hayasomeki vizuri yakitengwa na mambo makubwa ya wakati wake. Juma hili tunapenda kulitafakari jambo hilo kwa njia ya mtu mmoja ambaye hakuandikwa katika kitabu chochote cha historia, yaani baba wa babu yetu.

Alikuwa Mmwera wa bonde la Lukuledi, huko Lindi. Hakuacha picha, wala barua, wala kaburi. Kwa desturi ya Wamwera ukoo hufuata upande wa mama, na wajomba ndio wenye sauti juu ya watoto. Basi mwanamume asiyerudi nyumbani husahaulika upesi. Kilichobaki juu yake kilikuwa neno moja tu, nalo lilikuwa baya: alitoroka. Ilisemwa kwamba wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza alivuka mto Ruvuma, akaoa mke mwingine Msumbiji, akamwacha mkewe na mtoto mchanga. Mtoto huyo ndiye babu yetu. Hata alipokuwa mzee mwenye mvi, kila palipotokea ugomvi wa shamba, hakukosekana mtu wa kumwita mtoto wa mtoro.

Miaka michache iliyopita wanafamilia tulipenda jina la huyo baba liingizwe katika orodha ya marehemu wa ukoo wanaoombewa mwezi wa Novemba. Mzee wetu mmoja alikataa katakata. Alisema kwamba kutorudi si kufa, na kwamba hawezi kumlilia mtu aliyekwenda kujenga mji mwingine. Hapo ndipo tulipoanza kutafuta.

Hatukuwa na tarehe hata moja. Tulikuwa na maneno ya mkewe, kama alivyowasimulia shangazi zetu walipokuwa wasichana. Bibi huyo hakuhesabu miaka kwa tarakimu, bali kwa matukio. Tukaona kwamba hatuna budi kufanya kama Luka: kila neno lake kuliweka kando ya jambo kubwa la nchi.

Neno la kwanza lilikuwa kwamba mumewe alikuwa hajaingia jandoni misheni ya Nyangao ilipochomwa moto. Hilo tunaweza kulitia tarehe bila shaka. Vita vya Maji Maji vilianza katika milima ya Umatumbi mwaka 1905, na misheni ya Nyangao iliteketezwa mwezi wa Agosti mwaka huohuo. Basi alikuwa mtoto wa miaka minane au tisa hivi, na alizaliwa karibu na mwaka 1896. Na hapo tukaelewa jambo ambalo hakuna aliyetusimulia. Wajerumani walikomesha vita hivyo kwa kuchoma vijiji, mashamba na maghala ya nafaka, kisha njaa ikaingia. Hesabu ya serikali yao ilitaja vifo 75,000, na wanahistoria wengine huvikadiria kufika 300,000. Mtoto yule aliokoka katika hayo yote. Tulikuwa tumezoea kusikia habari za mtoro. Sasa tukakutana na mtoto aliyenusurika njaa.

Neno la pili ndilo lililotugusa zaidi. Bibi alisema kwamba mumewe alichukuliwa mashamba yakiwa yamekwisha kuchomwa kusubiri mvua, mtoto akiwa hajaota jino, na mizinga ikisikika siku nne mfululizo. Wapendwa, siku hizo nne zinajulikana. Ni mapigano ya Mahiwa, karibu na Nyangao, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917. Waingereza walipoteza watu wapatao 2,700, waliokufa na waliojeruhiwa. Wajerumani walipoteza wachache zaidi, lakini risasi na chakula viliwaishia. Tarehe 25 Novemba 1917 jeshi la Lettow-Vorbeck lilivuka Ruvuma na kuingia Msumbiji, na Waingereza wakalifuata.

Majeshi hayo hayakuwa na ng'ombe wala punda wa kutosha, kwa sababu ndorobo iliwaua. Mizigo ikabebwa na vichwa vya watu. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja, na vifo vilivyohesabiwa ni zaidi ya 95,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara damu, malaria, kichomi na njaa. Jina la Kariakoo tunalolitaja kila siku tukiwa Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi chao. Basi ni kweli kwamba baba wa babu yetu alivuka Ruvuma. Lakini mwezi ule wa Novemba, kijana wa bonde la Lukuledi aliyevuka mto huo hakuhitaji kuwa mtoro. Alihitaji kuwa na kichwa kinachoweza kubeba sanduku la risasi.

Hata hivyo, mzee wetu alikuwa na haki ya kuuliza: tunajuaje kwamba alikufa?

Jibu lilitoka katika kitabu cha ndoa cha parokia. Mwaka 1927 yule bibi, akiwa amekwisha kubatizwa, alifunga ndoa kanisani na mume wa pili. Mahali panapoonyesha hali yake limeandikwa neno la Kilatini lenye maana ya mjane. Ni neno moja, lakini padre hakuliandika kwa kubahatisha. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 zilikataza mtu kuoa au kuolewa tena mpaka ithibitike kwamba ndoa ya kwanza haipo. Kama mume asiyebatizwa angejulikana kuwa yu hai na amemwacha mkewe, njia ingekuwa nyingine, ile inayotokana na Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho sura ya 7, na kitabu kingeitaja. Hapa hakikuitaja. Pembeni mwa ukurasa yapo majina ya wanaume wawili waliohojiwa kuhusu kifo. Mmoja wao wazee walimkumbuka mara moja: ni yule aliyerudi vitani akichechemea, akaishi miaka mingi karibu na kisima, na watoto wakimwogopa kwa ukimya wake.

Mtu huyo aliulizwa mara moja tu na padre, akajibu. Kijijini hakuna aliyemwuliza.

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa na kukiri kwamba walau watu 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi. Ni jambo jema, ingawa lilichelewa miaka mia moja. Lakini taarifa ile haiwezi kutuambia ni nani aliyekuwa mume wa nani. Kazi hiyo imebaki kwetu.

Tulimsomea mzee wetu ukurasa ule, neno kwa neno. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza jina limeandikwaje, kwa herufi ya L au ya R. Tukamwonyesha. Novemba iliyofuata jina hilo lilisomwa pamoja na majina mengine, na yeye ndiye aliyelisoma.

Wapendwa, katika familia nyingi kuna mtu aliyebaki na neno moja tu: mtoro, mchawi, mlevi, mgumba. Waulizeni wazee wangali hai. Msiwaulize mwaka, maana watasema hawajui. Waulizeni njaa ipi, vita vipi, mto ulifurika lini, nani alikuwa jumbe. Kisha nendeni parokiani mkaombe kwa adabu kuangaliziwa vitabu vya ubatizo na ndoa. Marehemu hawezi kujitetea mwenyewe. Anawategemea walio hai wapime kilichosemwa juu yake.