Mzungu wa K'Ogalo

Mjukuu wangu, Jumamosi jioni nikipita kwenye vibanda vya kuonyesha mpira hapa kijiji cha Raila, Kibera, nawakuta mmebanana kwenye mabenchi, fulana za Arsenal na Chelsea mgongoni, na kila mmoja ameshalipa pale mlangoni. Wachezaji wa Uingereza mnawajua kwa majina, kwa mishahara, hata kwa magoti yanayowauma. Basi leo kaa hapa nikusimulie habari za mmoja ambaye hamkumwona kwenye runinga. Aliwahi kuivalia Arsenal hiyohiyo, na alipotundika daluga akaja Nairobi kuinoa klabu ya Gor Mahia, yaani K'Ogalo. Aliitwa Len Julians. Sisi wa Kibera tulimwita tu mzungu wa K'Ogalo, na kila mtu alijua anayesemwa ni nani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mimi nilikuwa kibarua kwenye ghala moja kule Industrial Area. Mshahara wangu haukufika shilingi 500 kwa mwezi, na humo nitoe kodi ya chumba cha udongo, nitume kidogo kwa mama kule Siaya, kisha nile. Nauli ya kila siku ilikuwa anasa. Alfajiri tulishika njia ya reli, kundi kwa kundi, moshi wa makaa umetanda juu ya mabati, na harufu ya omena inayokaangwa ikitusindikiza mpaka tuuache mtaa. Chai ya maziwa ilikuwa shilingi moja, andazi sumuni. Siku ya mechi mambo yalibadilika: chai na andazi nilivisamehe wiki nzima ili shilingi 10 ya kiingilio ipatikane. Tukitoka kazini Jumamosi saa saba tulivuka moja kwa moja hadi Barabara ya Jogoo, kwenye uwanja wa City. Upepo ukivuma kutoka soko la Burma ulileta harufu ya nyama choma, nasi mifukoni tuna karanga za kufungwa kwenye gazeti. Tulijaa upande ule tuliouita Russia, bega kwa bega, na fundi viatu mmoja wa Gatwekera, hapahapa Kibera, akaimba mpaka sauti ikamkauka. Mzee yule uso wake ulikuwa na makunyanzi kama ngozi aliyoishona, lakini Gor wakifunga aliruka kuwashinda vijana wote.

Usidhani tulikuwa tukicheka tu. Mwaka 1979 Gor walifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, wakakutana na Canon Yaoundé ya Kamerun. Hapa Nairobi tulifungwa 2–0, kule Yaoundé tukafungwa 6–0. Niliwaona watu wazima wakirudi Kibera kimya, kana kwamba wametoka matangani. Mwaka uliofuata ikaja amri ya serikali kwamba vilabu viache majina ya kikabila. Abaluhya wakawa AFC Leopards, na Gor wetu kwa muda wakaitwa Gulf Olympic Rangers ili zile herufi tatu zisipotee. Kisha likaja jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982. Asubuhi ile redioni tulimsikia Leonard Mambo Mbotela, ambaye sauti yake tuliizoea kwa kututangazia mpira, akilazimishwa na askari kusoma tangazo lao. Baada ya hapo watu wengi wakatiwa ndani, akiwemo Raila Odinga, ambaye kijiji hiki leo kinaitwa kwa jina lake. Alikaa kizuizini bila kuhukumiwa mpaka 1988. Katika miaka ile watu wa kwetu walipima maneno yao kila mahali. Uwanjani pekee ndipo tulipopaza sauti bila kutazama nyuma.

Ndani ya hali hiyo ndimo alimokuwa Julians, kando ya mstari, mtu mzima aliyekwishaona mengi. Alizaliwa Tottenham, London, mwaka 1933. Alianza kama mchezaji wa ridhaa huko Walthamstow Avenue, akaingia Leyton Orient mwaka 1955, na Desemba 1958 Arsenal wakamchukua. Alikuwa mshambuliaji wa kati, lakini Arsenal alicheza mechi chache, kisha mwaka 1960 akahamia Nottingham Forest. Nawe unayehesabu mamilioni ya wachezaji wa leo, jua hili: alipokuwa Arsenal, sheria ya ligi yao ilikataza mchezaji yeyote kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki wakati wa msimu. Kiwango hicho kiliondolewa mwaka 1961, baada ya chama cha wachezaji kutishia mgomo chini ya Jimmy Hill. Kumbe hata huko Ulaya mwanasoka alikuwa kibarua kama sisi, akihesabu siku za mwisho wa wiki.

Lakini miaka yake iliyonona haikuwa ya Arsenal. Ilikuwa ya Millwall, aliyojiunga nayo mwaka 1964, klabu ya makuli wa bandari ya London. Mashabiki wake walikuwa watu wa mikono migumu, waliotoka kupakua meli wakaenda moja kwa moja kupiga kelele uwanjani. Hapo ndipo Julians alipofunga zaidi ya mabao 50 ya ligi. Millwall wakapanda daraja misimu miwili mfululizo, toka la nne hadi la pili. Kuanzia Agosti 1964 mpaka Januari 1967 hawakufungwa mechi hata moja ya ligi nyumbani kwao, mechi 59, mpaka Plymouth walipokuja kuukata mnyororo ule. Mwaka 1968 alicheza Marekani, Detroit. Nilipokuja kuyasoma haya, miaka mingi baadaye, nilielewa kwa nini makelele ya Russia hayakuwa jambo geni kwake. Watu waliotoka ghalani na jasho lao walikuwa watu aliowazoea.

Na vijana wa Gor wa miaka ile, mjukuu wangu, walikuwa vijana kweli. Palikuwa na Nahashon Oluoch tuliyemwita Lule, mpira ukimfikia mguuni Russia nzima inasimama. Palikuwa na Sammy Owino, tuliyempa jina la Kempes, yule mwanasoka wa Argentina. Palikuwa na Bobby Ogolla kule nyuma, mwili wa mwamba, na Austin Oduor tuliyemwita Makamu. Wengi waliajiriwa mahali fulani, wakatoka ofisini au karakanani kwenda mazoezini. Gor ya miaka hiyo ilitwaa kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mwaka 1980, ikalirudia 1981 kwa kuwashinda Simba wa Dar es Salaam, kisha ikabeba ligi ya Kenya mara tatu mfululizo, 1983, 1984 na 1985. Gor na Leopards walipokutana, Kawangware yote iliteremka kuishangilia Leopards na ngoma zake za isukuti, nasi Kibera tukateremka na nyimbo zetu. Nilikuwa na shemeji Kawangware, Mmaragoli, mfanyakazi wa bustani za Lavington. Siku ya mechi hatukuamkiana mpaka filimbi ya mwisho. Kisha yule ambaye timu yake ilifungwa ndiye aliyenunuliwa chai, kwa sababu machungu yalimtosha.

Desemba 5, 1987, pale uwanja wa Kasarani, Gor walitoka sare ya 1–1 na Espérance ya Tunisia. Kwa kuwa kule Tunis ilikuwa 2–2, bao la ugenini likatupa Kombe la Washindi la Afrika. Peter Dawo ndiye aliyefunga, na nahodha aliyelipokea kombe alikuwa Austin Oduor, yuleyule Makamu. Kocha wakati huo alikuwa mwingine, na sifa za siku ile ni zake na za wachezaji wake. Lakini sisi tuliokuwapo tangu City tulijua kwamba timu haianzi siku ya kombe. Mpaka leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyoleta kombe la Afrika nyumbani. Julians alifariki mwaka 1993 akiwa na miaka 60.

Sikukatazi fulana yako ya Arsenal. Ninachokuomba ni kwamba ukimpima mchezaji, usitazame tu klabu kubwa aliyopitia. Julians pale Arsenal alikuwa mmoja kati ya wengi. Kwa makuli wa London alikuwa mfungaji wao, na kwetu alikuwa mwalimu wa timu iliyotufanya tusahau njaa ya wiki nzima. Na hapa kwenu wapo wazee waliocheza mpira mkubwa, wengine wanaishi jirani nawe na hakuna kijana anayewabishia hodi. Nenda ukawaulize wakiwa bado hai, uandike wanayokuambia, kwa maana hiyo runinga haitakuja kuwasimulia kwa niaba yao.